Katriji, konveta, pistoni au tumbo: kalamu mpya ya nibu ipi utaiweza?

Kalamu mpya ya nibu haiharibikii dukani. Huharibikia kwenye droo. Mtu anainunua kwa furaha, anaandika nayo wiki mbili tatu, kisha madaftari ya kusahihisha yanarundikana, peni ya biki inakuwa karibu zaidi na mkono, na ile ya nibu inalala na wino wake nusu. Mwezi ukipita anaifungua, anaikwaruza kwenye karatasi, haitoi kitu. Anaitikisa, nayo inamtemea tone zito kwenye shati. Kuanzia siku hiyo utamsikia akisema kalamu hizi ni mapambo ya wakubwa.

Ofisini kwetu, shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, mimi ndiye ninayejulikana kwa kalamu hizi. Kwa hiyo swali la "mwalimu, ninunue ipi?" hunifikia mara kwa mara, hasa mishahara ikishaingia. Muulizaji hutarajia nimtajie kampuni. Mimi humrudishia swali: utaiosha lini, na kwa maji gani? Anacheka, lakini sifanyi mzaha. Ukishavuka zile za bei ya kutupa, kalamu nyingi za nibu huandika vizuri tu. Kinachozitofautisha kwa mtu atakayeishi nazo ni namna zinavyobeba wino. Hiyo ndiyo inayoamua utazioshaje, utazijaza kwa nini, na zitakufanyia nini ndani ya basi.

Namna nne za kubeba wino

Tukubaliane majina kwanza. Nibu ni ile ncha ya chuma cha pua au dhahabu. Chini yake kuna ulimi, kipande chenye vijifereji vinavyoshusha wino na kupandisha hewa. Sehemu unayoishika kwa vidole naiita shingo, na gamba refu la nyuma naliita tumbo.

Kalamu ya katriji hubeba kichupa kidogo cha plastiki kilichojazwa wino na kufungwa kiwandani. Unakisukuma shingoni mpaka kitoboke, unafunga tumbo, unaandika. Kikiisha unaweka kingine.

Konveta ni pampu ndogo inayokaa mahali pale pale pa katriji. Unazamisha nibu kwenye chupa ya wino, unazungusha kichwa cha pampu, wino unapanda. Kalamu nyingi za katriji hupokea konveta pia, kwa hiyo hizi mbili mara nyingi ni kalamu moja yenye tabia mbili. Lamy Safari ya Ujerumani, inayouzwa tangu 1980, ni mfano ambao wengi wameuona.

Kalamu ya pistoni imejengewa pampu ndani yake. Kitako kinazungushwa, pistoni inashuka na kupanda, na tumbo zima ndilo tangi. Pelikan ya Ujerumani ilianza kuuza za aina hii mwaka 1929 na bado inaziuza. Siku hizi TWSBI ya Taiwan inatengeneza za bei nafuu zaidi zenye tumbo linaloonyesha wino wote.

Ya nne ndiyo kongwe kuliko zote. Haina pampu. Unafungua shingo, unamimina wino moja kwa moja tumboni kwa kijibomba cha kudondoshea matone au bomba la sindano, unafunga. Kalamu za Lewis Waterman, aliyepata hataza yake New York mwaka 1884, zilijazwa hivyo. Leo kuna zinazotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, na kuna za katriji ambazo watu huzigeuza wenyewe, kama Platinum Preppy ya Japani au Kaweco Sport ya plastiki. Nitaiita kalamu ya tumbo.

Babu yangu alikuwa na Hero ya Kichina, ile ya kubana kifuko cha mpira. Hiyo sikuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu wengi wanaoniuliza siku hizi hawakutani nayo tena, ila ukiirithi, ichukulie kama pistoni katika mambo ya kuosha: huoni ndani, na utatumia muda.

Nazilinganisha kwa mambo matano: kuosha, wino na gharama yake, kiasi kinachobebwa, safari na joto, halafu vitu vinavyochakaa. Uzuri wa rangi nauacha, macho ni ya mwenyewe.

Yasiyobadilika kwa yoyote

Siku ya kwanza, kabla ya wino wowote, ioshe. Kiwandani hubaki mafuta kidogo ndani ya ulimi, na mafuta hayo ndiyo huwafanya watu walalamike kwamba kalamu mpya inaandika kwa kukatika. Maji ya kawaida yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu mpaka sabuni iishe. Maji ya moto hapana. Spiriti hapana, hula plastiki. Jiki hapana kabisa.

Wino uwe wa kalamu ya nibu. Nasisitiza kwa sababu nimeona kwa macho yangu wino wa muhuri ukimiminwa kwenye kalamu mpya, na wa printa pia. Vivyo hivyo wino mzito wa wachoraji wenye gundi ya shelaki: ukikauka ndani ya ulimi haurudi tena kuwa majimaji, na hakuna kuosha kutakakoukomboa.

Ifunike kila unaposimama kuandika, hata kama ni kumjibu mtu mlangoni. Usiibonyeze kama biki, wino unashuka wenyewe. Na mtu akikuazima, mpe biki. Si uchoyo, mkono wake umezoea kukandamiza na nibu haina mazoea hayo.

Kuosha

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo nitakapokaa.

Kwa mwandishi wa kila siku, kuosha mara moja kwa kila wiki nne hadi sita kunatosha, na kila unapobadilisha rangi. Asiyeandika kila siku anahitaji kuosha zaidi, si kidogo zaidi, maana wino uliotulia ndio unaokauka.

Konveta ndiyo rahisi kuliko zote kuiosha, na wengi hawaamini mpaka wajaribu. Pampu uliyonayo ya kuvutia wino ndiyo hiyo hiyo ya kusukumia maji. Zamisha nibu kwenye kikombe, vuta, sukuma, vuta, sukuma. Baada ya mara kumi na tano hivi maji yanatoka meupe. Ukitaka kumaliza kabisa, chomoa konveta, ioshe peke yake, kisha simamisha shingo kwenye kikombe chenye karatasi laini, nibu ikitazama chini, iache usiku mmoja. Karatasi itavuta wino uliojificha ndani ya ulimi, nawe asubuhi utashangaa kiasi kilichokuwa kimebaki.

Katriji haina pampu, na hapo wengi hukwama. Wanaiweka shingo chini ya bomba la maji kwa dakika tano, rangi haiishi. Dawa ipo duka la dawa: kile kipira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga. Bana mdomo wake nyuma ya shingo, vuta maji, sukuma. Mara nne tano kalamu ni safi. Bila kipira hicho, mmiliki wa katriji huishia kuloweka usiku kucha na kubadilisha maji, kazi isiyo ngumu lakini inayosahaulika. Kwa upande mwingine, katriji ina nafuu moja: ukiwa unatumia rangi ile ile siku zote na unaandika kila siku, unaweza kuunganisha katriji tatu nne kabla kalamu haijaanza kudai maji.

Pistoni inadai subira. Tumbo ni kubwa, pistoni inafuta kuta zake vizuri, lakini nyuma ya ulimi hubaki wino unaojichanganya na kila maji mapya. Ishirini, thelathini, arobaini za kuzungusha kitako. Hiyo si hesabu ya kutisha, ni hesabu halisi ya rangi nzito kama nyekundu. Baadhi ya Pelikan, kama M200, zina nibu inayofunguliwa kwa kuzungushwa pamoja na ulimi wake. Hapo kuosha kunageuka kuwa kazi ya dakika mbili, kwa sababu unafikia tumbo moja kwa moja kwa bomba la sindano. TWSBI Eco nayo huja na spana yake ya plastiki ya kufungulia pistoni. Ila kufungua si kuosha. Anayefungua kila wiki kwa sababu spana ipo atachosha nyuzi za plastiki za kufungia. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Kalamu ya tumbo inashangaza. Tumbo lenyewe ni bomba tupu, unalisuuza kama kikombe cha chai na kulipangusa kwa karatasi. Shingo yake inaoshwa kwa kipira kama ya katriji. Kinachoongezeka ni kupaka upya grisi kwenye nyuzi za kufungia, na nitaifikia.

Jambo la maji ni letu watu wa pwani. Kisima cha nyumbani kwangu kinatoa maji ya chumvi, na chumvi hiyo hukauka ndani ya vile vijifereji vyembamba vya ulimi. Kuchemsha hakuiondoi. Osha kwa maji yoyote safi uliyonayo, lakini suuza la mwisho liwe la maji ya kunywa ya chupa, au ya mvua yaliyochujwa. Maji yaliyokenekwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri ni bora zaidi, ukisoma lebo mara mbili kuhakikisha ni maji na si asidi. Kwenye hili pistoni huumia zaidi, kwa sababu maji mengi hupita humo na ndani hupafikii kirahisi. Konveta ikiharibika kwa chumvi unanunua nyingine.

Wino na mfuko wako

Katriji ni ghali kwa tone. Fupi ya kawaida hubeba kama mililita 0.8, kwa hiyo chupa moja ya mililita 50 ni sawa na katriji zaidi ya 60. Piga hesabu ya pakiti ngapi hizo katika duka lako, kisha utaelewa kwa nini wanaoandika sana huhamia chupa.

Lakini bei si tatizo kubwa la katriji kwetu. Tatizo ni mdomo. Lamy ina katriji zake, Parker zake, Pilot zake, Platinum zake. Zile zinazoitwa za kimataifa zinaingia Kaweco, Pelikan, Waterman na nyingine nyingi, lakini kalamu za Kichina nazo zimegawanyika: zipo zenye mdomo wa milimita 2.6 kama hizo za kimataifa, na zipo za milimita 3.4. Ukinunua kalamu ya katriji bila kujua katriji zake utazipata wapi mwezi wa tatu, umenunua kalamu ya mwezi mmoja. Muulize muuzaji akuonyeshe pakiti ya pili kabla hujalipia ya kwanza.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kuliko inavyostahili: katriji tupu haitupwi. Nunua bomba la sindano duka la dawa, kata ncha ya sindano na uisugue kwenye sakafu ya saruji mpaka iwe butu, ujaze katriji upya kutoka kwenye chupa. Inaweza kujazwa mara nyingi, mpaka mdomo wake ulegee na kuanza kuchuruzika shingoni. Hiyo ni katriji yenye bei ya chupa.

Konveta, pistoni na tumbo zote hunywa chupani, na hapo uhuru ni wako. Quink ya Parker, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, ni mojawapo ya chupa ambazo hata mtu asiye na kalamu ya nibu amewahi kuziona kwenye meza ya mzee fulani. Chagua wino wa rangi inayoyeyuka majini, ule wa kawaida, kwa mwaka wa kwanza. Upo wino wa kudumu uliotengenezwa kwa chuma na tanini, ule ambao Uingereza iliutumia kwa miaka mingi kwenye madaftari ya ndoa na vizazi. Ni mzuri kwa hati, lakini una tindikali na unaacha masimbi. Ukiutaka, utie kwenye konveta, na uoshe kila wiki mbili. Kwenye pistoni ninausita, na kwenye kalamu ya tumbo unaweza kukaa miezi bila kuisha, jambo ambalo ndilo hasa usilolitaka.

Unyevu wa Dar una neno na chupa pia. Wino huota ukungu. Utaona utando juu au harufu ya chumba kilichofungwa. Chupa hiyo mwaga, usichuje, na kalamu yoyote iliyonywa humo ioshe kwa sabuni. Kwa sababu hiyo hiyo wino uliobaki kwenye kalamu haurudishwi chupani. Pistoni na tumbo, zinazokaa na wino muda mrefu, ziko hatarini zaidi. Katriji iliyofungwa kiwandani, hatari yake ni ndogo mpaka utakapoanza kuijaza mwenyewe.

Kiasi

Haraka tu. Konveta hubeba kidogo: nyingi ni kati ya nusu mililita na 0.8, na ile ndogo ya Pilot, CON-40, ni kama 0.4. Katriji fupi 0.8, ndefu kama 1.4. Pistoni 1.2 hadi 2. Tumbo 2 hadi 4. Kwa mwalimu anayesahihisha mikondo mitatu, konveta ni kujaza kila baada ya siku mbili. Kwa anayeandika ukurasa mmoja wa shajara usiku, tumbo ni wino wa miezi, na hiyo inamrudisha kwenye droo niliyoanza nayo. Kiasi kikubwa ni faida kwa anayekimaliza tu.

Basi, Kitonga, na bodaboda

Miaka michache iliyopita nilikuwa nakwenda nyumbani Mbeya, kalamu ya tumbo mfukoni mwa shati, wino umebaki robo. Tulipanda mlima Kitonga, tukapita Iringa, sikuona kitu. Makambako nikaitoa kuandika namba ya simu. Nilipovua kofia ya kalamu, ilikuwa imejaa wino. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja wa makamo, alinipa kitenge chake cha pembeni nifutie mikono. Nilikikataa, akasema, "Futa tu baba, hiki ni cha safari." Sikuona tena rangi ile ya bluu bila kumkumbuka.

Sababu ni hewa, wala si ubovu wa kalamu. Juu ya wino daima kuna nafasi ya hewa. Dar iko usawa wa bahari, Mbeya iko kama mita 1,700, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa iliyofungwa ndani ya kalamu inatanuka, na kama njia ya kutokea imezibwa na wino, inausukuma wino nje. Abiria wa Mombasa kwenda Nairobi anapanda kimo kama hicho hicho. Ndege nayo hufanya hivyo kwa dakika ishirini badala ya saa nyingi za basi.

Kwa hiyo kadiri nafasi ya hewa inavyokuwa kubwa, ndivyo balaa linavyokuwa kubwa. Tumbo lililobaki robo ndilo baya kuliko yote. Pistoni iliyobaki robo inafuata. Konveta na katriji zina hewa kidogo, na mara nyingi husamehe. Dawa ya wote ni mbili: safiri na kalamu iliyojaa pomoni au tupu kabisa, na iweke nibu ikitazama juu, ili hewa itoke peke yake bila kubeba wino. Mimi nilifanya kinyume cha zote mbili.

Joto ni ndugu wa mwinuko. Kalamu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana, au hata kiganja chenye joto kikishika tumbo la plastiki jembamba, hutanua hewa vile vile. Ndiyo maana kalamu ya tumbo ikikaribia kuisha hudondosha tone katikati ya sentensi. Wazoefu huijaza ikifika theluthi, hawasubiri iishe. Kwa pistoni tatizo hilo ni dogo, kwa konveta na katriji halipo kwa kawaida, maana plastiki yake imetenganishwa na kiganja kwa gamba la nje na hewa kati yao.

Na bodaboda? Hapo hakuna iliyo salama. Mtikisiko hutupa matone kofiani kwa kalamu zote nne. Iweke ndani ya mfuko, wima, na ukifika ifungue juu ya karatasi, si juu ya suruali.

Kinachochakaa, na nani atatengeneza

Katriji haina cha kuchakaa isipokuwa nibu na ulimi. Kwa mtu aliye mbali na fundi, huo ni utulivu mkubwa.

Konveta huchakaa: kipete cha ndani hulegea baada ya miaka, unaona wino unapita nyuma ya pistoni yake ndogo. Unaitupa na kununua nyingine. Hakikisha tu ni ya kalamu yako, kwa sababu ile vita ya midomo ya katriji ipo hapa pia.

Pistoni ikianza kuwa ngumu kuzungusha, usilazimishe. Inataka grisi ya silikoni kidogo, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, kwenye kuta za ndani. Watu hukimbilia vaselini kwa kuwa ipo kila nyumba, lakini hiyo ni mafuta ya petroli na hulainisha mpira mpaka uvimbe. Grisi tupu ya silikoni huuzwa kwa mafundi bomba, na pale Zanzibar au popote penye wapiga mbizi utaikuta kwa ajili ya vifaa vyao. Pistoni ikivunjika kabisa, hali ni ngumu: sehemu zake ni za kampuni moja, na mara nyingi lazima kalamu isafiri. Hilo ndilo gharama ambayo haikuandikwa kwenye kiboksi.

Kalamu ya tumbo inaishi kwa kipete cha mpira na grisi hiyo hiyo kwenye nyuzi. Ukisahau, itavuja pale shingo inapokutana na tumbo, na utaijua kwa vidole. Zaidi ya hapo haina mashine. Ila si kila kalamu inageuzwa: yenye tundu au kidirisha kilichokatwa tumboni, kama ile Safari, haiwezi, na yenye tumbo la shaba au alumini isijaribiwe, wino utaila chuma. Kalamu nyingi za Kichina zenye uzito mzuri mkononi ni za chuma kwa ndani, kwa hiyo kagua kabla ya kumimina.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mwanafunzi au mtu anayeanza, na hujui kama mapenzi haya yatadumu, chukua kalamu ya katriji inayopokea konveta. Anza na katriji zinazokuja nayo, uone kama mkono unaipenda. Ukifika pakiti ya pili, nunua konveta na chupa. Hujapoteza kitu, na umejifunza kuosha kwa njia iliyo rahisi kuliko zote.

Kama unaandika mara moja moja, barua, kadi, sahihi, usivutwe na tumbo kubwa. Katriji inakufaa, au konveta iliyojazwa nusu. Ukijua hutaandika kwa wiki mbili, ioshe na uilaze tupu.

Kama unaandika kurasa nyingi kila siku, kwenye meza moja, na una nusu saa kila mwezi ya kusimama kwenye sinki ukizungusha kitako, pistoni itakupa raha ambayo konveta haiwezi. Mwandishi wa mahakama ninayemfahamu hutumia pistoni mbili, moja ikiwa kwenye maji nyingine iko kazini.

Kama unapenda kubadilisha rangi, nyekundu leo, kijani kesho, konveta. Pistoni itakuchosha na tumbo litakufukuza.

Kama uko mbali na maduka, chupa moja ya wino inabidi ikupeleke mwaka, na hupandi milima mara kwa mara, kalamu ya tumbo ni rafiki mwaminifu: haina pampu ya kufa. Kama unapanda milima, katriji zilizofungwa ndizo zinazobebeka, nazo hata zikianguka begini hazimwagiki.

Kwa karatasi, kaunta buku nyingi hunywa wino na kuuonyesha upande wa pili. Nibu nyembamba, ile iliyoandikwa F au EF, hupunguza hilo kwa kalamu yoyote kati ya nne.

Na kama kazi yako ni kuandika stakabadhi zenye nakala mbili chini yake, baki na biki. Nakala zinataka kukandamizwa, na hakuna kati ya hizi nne inayokubali kukandamizwa.